PICHA NJEMA HUANZIA KATIKA UBAO

Namna ya kuchagua na kutengeneza mbao za kuchorea

Mtu atakaye kuchora picha ya kudumu juu ya mbao aghalabu hufikiri kwanza habari za rangi. Huuliza rangi ipi ni njema, brashi ipi ni laini, na bei yake ni kiasi gani. Ubao wenyewe huuokota popote: mlango wa kabati lililovunjika, kipande kilichosalia kwa seremala, au ubao mbichi uliopasuliwa jana. Baada ya miezi michache picha hupata ufa katikati, rangi hubanduka kama maganda ya kitunguu, na mchoraji hulaumu rangi. Mara nyingi rangi haina kosa lolote. Kosa lilitendeka siku ubao ulipochaguliwa.

Jambo hili si la wachoraji wa mijini peke yao. Mwandishi wa vibao vya maduka sokoni, mwalimu atakaye picha za kufundishia miaka mingi, kanisa litakalo picha ya kutundika ukutani, na kijana auzaye picha kwa wageni, wote hutia fedha na siku zao katika ubao. Mteja aliyelipa, kisha akaona picha yake imepasuka kabla ya mwaka kwisha, hatarudi tena. Na jirani zake nao watasikia. Kwa hiyo yafaa kila mmoja ajue tabia ya mbao kabla ya kufungua kopo la rangi.

MBAO HAZITULII

Watu wengi hudhani kwamba mti ukiisha kukatwa umekufa, na kwamba ubao wake hautasogea tena. Sivyo. Mbao hunyonya unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuutoa wakati wa ukame, hata zikiwa na umri wa miaka mia tano. Zikinyonya hupanuka, zikikauka hupungua.

Kupungua huko si sawa kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi za mti, ubao hubadilika kidogo sana hata jicho lisione. Kwa upana mambo ni mengine. Ubao wa upana wa inchi 10, ukipigwa randa ungali mbichi, huweza kupungua karibu nusu inchi utakapokauka. Tena mti hupungua zaidi kwa kuufuata mzunguko wa gogo kuliko kutoka gandani kuelekea moyoni. Tofauti yake ni karibu mara mbili. Ndiyo sababu ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hukunjamana kama kigae cha paa, bali ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo hukaa umenyoka.

Rangi haina uwezo wa kufuata mwendo huo. Ikiisha kukauka huwa ngumu. Ubao ukipanuka rangi hupasuka, na ubao ukipungua rangi husukumwa na kuinuka. Kazi yote ya kutengeneza ubao ina shabaha moja tu: kuupunguzia mwendo wake, na kuweka kati yake na rangi tabaka litakalovumilia mwendo uliobaki.

USHAHIDI WA PICHA ZA KALE

Yasemwayo hapa yamethibitishwa kwa karne nyingi. Katika nchi ya Misri, katika karne tatu za kwanza baada ya Kristo, watu walichora nyuso za wafu wao juu ya mbao nyembamba, kisha wakazifunga pamoja na maiti na kuzizika katika ardhi kavu. Nyingi za picha hizo zimo katika majumba ya makumbusho hata leo, na nyuso hizo zingali zikimtazama mtu kana kwamba zilichorwa mwaka jana. Ardhi ile kavu, isiyobadilika majira kwa majira, ndiyo iliyozihifadhi.

Picha mashuhuri iitwayo Mona Lisa, ambayo Leonardo da Vinci alianza kuichora huko Italia yapata mwaka 1503, imechorwa juu ya ubao wa mti uitwao popla, wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Tangu zamani ubao huo una ufa ulioanzia ukingo wa juu na kushuka hadi kwenye nywele za mwanamke huyo. Mafundi waliutilia nyuma vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo ili ufa usiendelee. Leo picha hiyo hukaa mjini Paris ndani ya sanduku la kioo ambalo joto na unyevu wake hupimwa daima. Hazina kubwa kama hiyo nayo hulindwa kwa sababu ubao wake hautulii.

Ushahidi wa tatu ni wa huzuni. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika na kuuzamisha mji wa Florence. Picha ya Giorgio Vasari ya Karamu ya Mwisho, iliyochorwa mwaka 1546 juu ya mbao tano kubwa zilizounganishwa, ilikaa majini zaidi ya saa kumi na mbili. Mbao zilivimba, na gundi iliyoshika tabaka jeupe chini ya rangi ikalainika. Maji yalipoondoka mbao zikaanza kupungua, lakini rangi haikuweza kupungua pamoja nazo. Ilibidi uso wa picha ufunikwe kwa karatasi ili rangi isidondoke. Picha hiyo ilirudi mahali pake mwaka 2016, baada ya miaka 50. Waswahili husema: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

KUCHAGUA MTI NA UBAO

Mti mwema kwa kazi hii ni ule wenye nyuzi nyembamba zilizonyoka, usio na utomvu mwingi wala mafuta, na usiosogea sana. Katika miti ya Afrika Mashariki mninga husifiwa kwa utulivu wake. Ukiisha kukauka husogea kidogo kuliko miti mingi. Mkangazi pia ni mwema, na wachoraji wa Ulaya walitumia miti ya jamaa yake tangu karne ya 18. Podo una rangi nyeupe na nyuzi laini, hupigwa randa vizuri, lakini sharti ukaushwe kwa uangalifu kwa kuwa hupenda kupinda.

Miti mingine ni mizuri kwa kazi nyingine lakini hutaka hadhari katika uchoraji. Mvule ni mti wa sifa kwa milango na madau, ila dawa zilizomo ndani yake huweza kuchelewesha rangi ya mafuta kukauka. Mtarakwa, wenye harufu nzuri, una mafuta yenye tabia hiyo hiyo. Saipresi hupatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu, lakini mbao zake huwa na vifundo vingi, na kifundo hakisogei sawasawa na mbao zilizokizunguka. Rangi iliyopita juu ya kifundo ndiyo hupasuka kwanza.

Anunuaye ubao na atazame mambo manne. Kwanza, atazame kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Pete za mti zikisimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, ubao huo ni wa kuchukuliwa. Zikilala kama upinde, ubao utakunjamana. Pili, aweke jicho lake kwenye ncha moja na kutazama hadi ya pili kama alengaye bunduki. Ubao uliopotoka kama parapela hausahihishwi kwa randa. Tatu, atafute matundu madogo na unga laini, ambao ni alama ya bungua. Nne, aukatae ubao wenye moyo wa mti ndani yake, kwa maana nyufa huanzia hapo.

KUKAUSHA BILA HARAKA

Ubao mbichi ni mzito na baridi mkononi. Mafundi wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kuanika ubao mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Katika nchi za joto mbao huweza kukauka upesi zaidi, lakini haifai kukisia. Njia ya hakika ni mizani. Ubao upimwe kila juma na uzito wake uandikwe. Maadamu uzito unazidi kupungua, ubao haujawa tayari. Uzito ukisimama majuma matatu au manne, ubao umepatana na hewa ya mahali pale.

Mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyoinuka kutoka chini, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Jiwe zito liwekwe juu. Vichwa vya mbao vipakwe rangi ya mafuta yoyote iliyopo, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi vichwani, na hapo ndipo nyufa huanza. Kuanika juani ni kuharibu.

Tena ni lazima ubao uzoee mahali utakapokaa. Ubao uliokauka katika hewa nzito ya Mombasa, ukipelekwa Nairobi na kuchorwa siku ile ile, utaendelea kupungua chini ya rangi. Na ukae chumbani majuma kadhaa kwanza.

PLAIWUDI NA HADIBODI

Si kila mtu anaweza kungoja hivyo, wala mbao pana hazipatikani kila mahali. Ndipo plaiwudi inapofaa. Hii hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa, kila moja ikipingana na ya chini yake kwa mkondo wa nyuzi. Tabaka moja likitaka kupanuka, jirani yake hulizuia. Kwa hiyo plaiwudi husogea kidogo sana. Ila uso wake huweza kufanya nyufa nyembamba kama nywele, zikifuata nyuzi za tabaka la juu. Dawa yake ni kuufunika uso kwa kitambaa, kama itakavyoelezwa.

Hadibodi ni kitu kingine. Ilianza Marekani mwaka 1924, William Mason alipopata njia ya kuvipasua vipande vya mbao kwa nguvu ya mvuke hata vikawa nyuzi, kisha kuzibana kwa joto ziwe ubao mwembamba. Haina mkondo wa nyuzi, haina vifundo, na uso wake mmoja ni laini. Udhaifu wake uko kingoni: ukingo ukinyonya maji huvimba kama mkate uliolowa, wala haurudi tena.

Wasomaji wengi wameziona picha za mtindo wa Tingatinga, zenye ndege, chui na twiga wa rangi kali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika Tanzania ya kusini, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Alitumia vipande vya ubao wa dari vya mraba, vya kiasi cha sentimita 60 kila upande, na rangi za kung'aa zitumiwazo kupaka baiskeli. Vitu hivyo vilikuwa rahisi kwa bei, lakini vilipatana. Uso ule laini haukuwa na nyuzi za kupasua rangi, na udogo wa kipande uliuzuia ubao usipinde. Apendaye kipande kikubwa zaidi sharti akigundishie nyuma fremu ya mbao kavu, ama sivyo kitalegea kama jani.

KAZI YA MATAYARISHO

Ubao ukiisha kukauka hupigwa randa pande zote mbili. Kuuondoa uso mmoja tu ni kuuharibia mizani yake, nao utapinda. Kisha usuguliwe kwa msasa mkali na baadaye kwa msasa laini, na pembe zake ziviringwe kidogo, kwani rangi haikai juu ya pembe kali. Fundi afunge kitambaa puani, afanye kazi hiyo nje. Vumbi la mbao ni adui wa mapafu. Kifundo kisichoepukika kipakwe shelaki iliyoyeyushwa katika spiriti ili utomvu usipenye.

Inafuata gundi. Iliyo bora kwa kazi ya ndani ya nyumba ni gundi ya ngozi ya wanyama, yenye chembe za rangi ya asali. Gramu 70 hutiwa katika lita moja ya maji baridi na kuachwa usiku kucha zivimbe. Asubuhi chombo chake huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka gundi iyeyuke. Isichemke kamwe, kwa maana ikichemka hupoteza nguvu. Ikipoa huganda kama supu ya miguu ya ng'ombe iliyolala usiku, na si ajabu, kwani kitu kinachogandisha vyote viwili ni kimoja. Gundi hii ya vuguvugu ipakwe mbele, nyuma na kingoni, kisha ubao uachwe hadi kesho yake.

Ikiwa ni plaiwudi, au mbao zilizounganishwa, kitambaa chembamba cha kitani au pamba kilichofuliwa huchovywa katika gundi na kulazwa juu ya uso, kikisukumwa kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni hata pasibaki hewa chini yake. Ufundi huu ni wa kale. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha mafundisho ya kazi yake yapata mwaka 1400, aliueleza. Ubao ukipata ufa mdogo, kitambaa huushika usifike kwenye rangi.

Kisha huja tabaka jeupe. Unga laini wa chaki, ule utumiwao kutengenezea rangi wala si chokaa ya kujengea ambayo huunguza, hunyunyizwa polepole katika gundi ya vuguvugu mpaka iwe nzito kama uji mwepesi. Ukorogwe taratibu, kwa sababu mapovu huacha matundu madogo yasiyozibika. Mpako wa kwanza usuguliwe kwa kiganja uingie ndani ya nyuzi. Mipako inayofuata ipakwe kwa brashi, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana, kila mara mng'ao wa maji ukiisha kutoweka, hata ifike sita au minane. Yote imalizwe siku moja.

Nyuma ya ubao nako kupakwe idadi ile ile. Hapa ndipo wengi hufanya uvivu, wakisema nyuma hakuonekani. Lakini uso uliofungwa kwa rangi haunyonyi unyevu, bali mgongo ulio wazi hunyonya na kukauka kila majira. Kila unapotaka kupanuka, mbele humzuia, na nyuzi zake hubanwa; zikikauka hubaki zimefupika. Miaka ikipita ubao hubinuka, picha ikawa kama tumbo la mtungi. Picha nyingi za kale za Ulaya zina kasoro hiyo.

Tabaka jeupe lenyewe humweleza fundi makosa yake. Likifanya nyufa kama tope la bwawa lililokauka, gundi ilizidi nguvu au ubao ulikaushwa juani. Likibaki unga mkononi, gundi ilikuwa hafifu. Katika hali zote mbili heri kulikwangua na kuanza tena kuliko kuchora juu yake. Likiwa sawa, lisuguliwe kwa msasa laini hata liwe kama ganda la yai. Kwa rangi ya mafuta lipakwe shelaki nyepesi mara moja, lisije likanyonya mafuta yote na kuiacha rangi kavu na dhaifu.

Asiyepata gundi ya ngozi aweza kutumia rangi nyeupe ya msingi ya akriliki, mipako miwili au mitatu, na kanuni ya mbele na nyuma ni ile ile.

VIBAO VYA NJE

Tabaka la gundi na chaki halifai kabisa kwa kibao cha dukani kitakachonyeshewa mvua; yaliyotokea Florence yatatokea hapo hapo. Kwa kazi ya nje ichaguliwe plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, ipakwe rangi ya kwanza ya mafuta pande zote, kisha rangi ya kumalizia. Kingo zipakwe mara tatu, hasa ukingo wa chini, ambako matone ya mvua huning'inia muda mrefu baada ya mvua kukatika. Matundu ya misumari nayo yajazwe rangi kabla misumari haijapigwa.

KUUPA UBAO NAFASI

Kosa la mwisho hufanywa picha ikiisha kumalizika. Fundi huunga mbao za kukingama nyuma na kuzipiga misumari kwa nguvu, akidhani anauimarisha ubao. Ubao ukitaka kupungua hauna njia, basi hupasuka. Mbao za kukingama zishikwe kwa skrubu zilizopitishwa katika matundu marefu, ili ubao uteleze. Fremu nayo iwe pana kuliko ubao kwa milimita chache. Picha isitundikwe juu ya meko, wala juu ya ukuta unaotoka unyevu wakati wa masika. Vipande viwili vidogo vya kizibo nyuma yake vitaruhusu hewa ipite.

Kazi hii yote huchukua siku nyingi kuliko kuchora kwenyewe, na hakuna mteja atakayeiona. Kwa sababu hiyo ni desturi njema kuandika kwa penseli nyuma ya ubao jina la mti, tarehe ulipopimwa mara ya mwisho, na uzito wake. Siku picha itakapohitaji kutengenezwa, labda na mtu ambaye hajazaliwa bado, maandishi hayo machache yatamfaa kuliko sifa zote zilizosemwa juu ya rangi zake.